Rafiki asiwe wa kusifia tu

Dada nimekuelewa, kwenye hiyo hadithi unayoandika yenye sura za kipigo, mhusika wako anaanza mwoga halafu sura mbili mbele kashakuwa jasiri ghafla, na shoga yake kazi yake kumsifia tu, ndo maana wasomaji wako hawaamini. Sifa peke yake hazimjengi mtu, mpe huyo rafiki jambo la kufanya. Soma riwaya ya The Color Purple ya Alice Walker, ya mwaka 1982, uone mwimbaji Shug anavyomfanyia rafiki yake Celie, mke anayeteswa na mumewe: anamwimbia wimbo wenye jina lake mbele za watu, anamsaidia kuzipata barua za mdogo wake Nettie ambazo mume wa Celie alizificha, tena ndo anamsukuma ashone suruali mpaka inakuwa biashara. Lakini siku ya kumjibu mume pale mezani Celie anajibu kwa mdomo wake mwenyewe, na hapo ndo penyewe. Waache wagombane pia, na rafiki awe na shida zake jamani, asiwe malaika.

Halafu kama hizo sura za kipigo zinatoka kwenye maisha yako na zinakuumiza ukiziandika, simama kwanza uongee na mshauri nasaha ndo uendelee.