Re: Programu ya asembli inaanguka ndani ya printf
Ndugu, unashangaa programu yako ya asembli kwenye Linux x86-64 inakufa ndani ya printf (kitendakazi cha C cha kuchapisha maandishi) ilhali anwani ya maandishi uliyoipa ni sahihi. Iache hiyo anwani. Endesha programu ndani ya GDB (kifaa cha kusaka hitilafu), na ikianguka andika x/i $rip, uone agizo lililokuwa likitekelezwa. Ukiona movaps (agizo la kuhamisha data ya vekta), kagua steki, yaani kumbukumbu ya muda ya vitendakazi. Agizo hilo hudai anwani ya kumbukumbu inayogawanyika kwa 16. Isipogawanyika, Linux inakurushia SIGSEGV (ishara ya kosa la kumbukumbu) ileile ya kielekezi kibovu, yaani anwani isiyo sahihi. Ndiyo maana tatizo hili linapoteza watu wengi, nami lilinifanya nikeshe usiku mzima.

Kabla ya kila call (agizo la kuita kitendakazi), rsp, rejista inayoshika anwani ya kilele cha steki, lazima igawanyike kwa 16. Lakini main, kitendakazi kikuu cha programu yako, nayo iliitwa kwa call, iliyosukuma baiti 8 za anwani ya kurudi, kwa hiyo unaanza ukiwa umeshapinda. Weka sub rsp, 8 mwanzoni, na add rsp, 8 kabla ya ret (agizo la kurudi).

Halafu weka xor eax, eax (kuifanya eax iwe 0) kabla ya kuita printf: al, baiti ya chini ya eax, huieleza printf ni rejista ngapi za vekta zimetumika kuipa data, usiiachie takataka.

Simamisha programu kwenye call, andika p $rsp. Tarakimu ya mwisho iwe 0. Ikiwa 8, umempata mchawi.