Maswali ya Wasomaji: Kuipeleka Riwaya Baitul Muqaddas ya Mwaka 1187

Toleo hili tumelitenga kwa barua za waandishi wa hadithi za kale. Nyingi zimetoka Unguja na Pemba, na takriban zote zimeelekea mji mmoja: Baitul Muqaddas, yaani Yerusalemu, ambao Sultani Salahuddin aliutwaa mwaka 1187 kutoka kwa Wafaranji, Wakristo wa vita vya msalaba waliotoka Ulaya.

*Assalaam alaykum. Naandika riwaya ya kijana wa Mtambwe Mkuu anayeshuhudia Sultani Salahuddin akiingia Baitul Muqaddas, Oktoba 1187. Nimemwondosha Pemba mwezi wa Mei mwaka huohuo. Jamaa yangu ambaye ni nahodha anasema safari hiyo haiwi. Nani kati yetu mwenye haki? — Msomaji, Wete*

Waalaykum salaam. Nahodha ana haki, na kosa halipo huku kwetu bali mbele, Bahari ya Shamu.

Kutoka Pemba hadi Aden, kusi itamfikisha, ila si kusi yote. Juni na Julai upepo wa pwani ya Somalia huwa mkali mno kwa chombo cha kushonwa, kwa hivyo safari ni ama mwanzo wa kusi, Aprili na Mei, ama demani, Agosti na Septemba. Akishapita Bab el-Mandeb anakutana na pepo nyingine kabisa. Nusu ya kusini ya Bahari ya Shamu humpa anayekwenda kaskazini upepo wa nyuma katika miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Kiangazi upepo hutoka kaskazini bahari nzima, na chombo chenye tanga la mkeka hakina uwezo wa kupigana nao wiki baada ya wiki. Kijana wako wa Mei 1187 atafika Aden salama, kisha atakaa pale hadi Oktoba akisubiri pepo zigeuke. Habari za kusalimu amri kwa mji atazisikia kwa wengine.

Mrudishe nyuma mwaka mmoja na hadithi itanyooka yenyewe. Aondoke Pemba demani ya 1186, apande Bahari ya Shamu na upepo wa baridi hadi Jedda, ahiji. Hija ya mwaka 582 wa Hijria ilikuwa Februari 1187, na siku ya Arafa iliangukia karibu na tarehe 20. Toka Makka ajiunge na msafara wa mahujaji wa Sham, safari ya siku kama 40 kwa ngamia hadi Damaskasi. Hapo ndipo utakapofurahi. Reynald de Châtillon, Mfaranji, bwana wa ngome ya Karak, alikuwa ameshambulia msafara wakati wa mapatano, na hilo ndilo lililovunja amani. Machi 1187 Salahuddin mwenyewe alitoka na jeshi kuulinda msafara wa mahujaji usiguswe ukipita karibu na Karak. Kijana wako anaingia vitani bila ya wewe kumsukuma. Vita vya Hattin, Salahuddin alipowashinda Wafaranji, ni tarehe 4 Julai. Jeshi linafika mbele ya kuta za Baitul Muqaddas tarehe 20 Septemba.

Ukitaka njia ndefu zaidi, wapo waliopitia Aydhab, bandari ya upande wa Misri, wakavuka jangwa kwa ngamia hadi Qus kwenye mto Nile, wakateremka na mto hadi Kairo. Reynald huyohuyo aliwahi kubebesha ngamia vipande vya majahazi hadi ghuba ya Aqaba, vikaunganishwa huko, na mapema mwaka 1183 watu wake wakachoma vyombo vya Aydhab. Tunashangaa kwamba hakuna mwandishi wa pwani hii aliyekwishalichukua tukio hilo.

*Shujaa wangu anapanda ukuta usiku karibu na Bab al-Amud, anatazama chini na kuona kuba la dhahabu na kuta za vigae vya buluu. Mhariri amekata ukurasa mzima. Kwa nini? — Msomaji, Mji Mkongwe*

Umeandika kwa kutazama picha, na picha ni ya mji wa leo. Kuta zinazoonekana sasa zilijengwa na Sultani Suleiman wa Uthmaniya kati ya 1537 na 1541. Vigae vya nje vya Kuba la Mwamba viliwekwa kwanza zama zake pia. Kabla yake nje palikuwa na nakshi za vipande vya kioo. Na ikiwa hadithi yako ni ya kabla ya Oktoba 1187, juu ya kuba pana msalaba mkubwa uliopakwa dhahabu, kwani Wafaranji walikuwa wamelifanya kanisa tangu walipouteka mji Julai 1099. Msikiti wa Aqsa nao ulikuwa makao ya mashujaa wa Hekalu, yaani watawa wapiganaji wa Kifaranji.

Ukuta wa 1187 ulifuata kwa sehemu kubwa mstari huohuo, kwa hivyo kupanda si kosa. Kosa ni kudhani unaweza kuupanda mwaka wowote ule. Mwaka 1219 al-Mu'azzam Isa, mtawala wa Damaskasi, aliamuru kuta zibomolewe ili Wafaranji wakiupata mji wasiweze kuushikilia. Mfalme Frederick wa Pili alipokabidhiwa mji kwa mkataba wa 1229 alipokea mji ulio wazi. Mwandishi anayemtundika shujaa kwenye kamba mwaka 1230 angemwacha tu aingie kwa miguu.

Majina ya milango yatakuponza zaidi ya kuta. Wafaranji walikuwa na milango mikuu minne: wa Daudi magharibi, ambao leo ni Bab al-Khalil, wa Mtakatifu Stefano kaskazini, ambao ni hiyo Bab al-Amud yako, wa Yehoshafati mashariki, na wa Sayuni kusini. Angalia huo wa Stefano. Siku hizi jina hilo limehamia mlango wa mashariki, na riwaya nyingi humtoa mtu upande mmoja na kumfikisha upande mwingine ndani ya sentensi moja. Mlango wa Dhahabu, ambao Waislamu huuita Bab al-Rahma, Wafaranji waliufungua mara mbili tu kwa mwaka: Jumapili ya Matawi na sikukuu ya Msalaba. Anayetaka kumwingiza mtu katikati ya umati ana siku mbili za kuchagua.

Ukubwa wa mji usikutishe. Ndani ya kuta ni chini kidogo ya kilomita moja ya mraba, haupishani sana na Mji Mkongwe unakoishi. Kutoka Bab al-Khalil hadi Haram, uwanja wa Aqsa na Kuba la Mwamba, ni mwendo wa robo saa ukiwa huna mzigo. Basi usimwandikie shujaa msako wa farasi wa usiku kucha. Atapita masoko matatu yaliyoezekwa kwa matao, yanayokwenda sambamba, na moja wapo ndilo la wapishi, ambalo Wafaranji wenyewe waliliita soko la upishi mbaya. Mahujaji wasio na jiko walikula hapo.

*Nataka mtu ajifiche ndani ya birika la maji chini ya nyumba. Yawezekana? — Msomaji, Chake Chake*

Inategemea mwezi, na hili ni swali zuri kuliko urefu wake. Mji uko juu ya milima, kiasi cha mita 750 hadi 800 kutoka usawa wa bahari, hauna mto, na chemchemi yake kubwa iko nje kidogo ya kuta, upande wa Silwan. Watu waliishi kwa maji ya mvua: yalikingwa juu ya madari, yakashuka kwa mifereji hadi birika lililochongwa kwenye mwamba chini ya nyumba na kupakwa chokaa ndani, juu yake tundu la kuteremshia ndoo. Mvua hunyesha Novemba hadi Machi. Kwa hivyo Februari birika limejaa na mtu wako anazama. Mwishoni mwa Septemba, miezi sita baada ya mvua ya mwisho, na mji umefurika wakimbizi, birika lina maji ya kufika goti, na anaweza kukaa humo. Lakini ndoo zitashuka mara nyingi zaidi, maana kila mtu ana kiu, na kila ndoo ni hatari ya kuonekana. Sauti nayo hurudi kutoka kwenye kuta. Hata kukohoa ni kujitangaza.

*Salahuddin alichukua siku ngapi kuuteka mji, na kijana wangu afanye nini katika siku hizo? — Msomaji, Makunduchi*

Kumi na mbili. Siku za mwanzo jeshi lilishambulia kutoka magharibi, mkabala na ngome ya Daudi, likashindwa: ngome ni imara, na asubuhi jua liliwapiga usoni walioshambulia. Tarehe 25 au 26 Septemba kambi ikahamishwa kaskazini na kaskazini mashariki, ambako ardhi inaruhusu kuusogelea ukuta.

Kazi ya kuangusha ukuta ndiyo umpe. Wachimbaji walifanya kazi chini ya ngao kubwa huku wapiga mishale wakiwazuia walinzi wasichungulie. Walichimba chini ya msingi, wakaegemeza mawe kwa nguzo za mbao ili yasianguke kabla ya wakati, wakajaza kuni, wakawasha, wakatoka. Nguzo zikiungua ukuta hushuka wenyewe, tarehe 29 Septemba. Kinachoharibika katika kazi hii ni nguzo chache mno, na hapo mawe huwaangukia wachimbaji wenyewe. Au kuni mbichi, moshi ukawafukuza watu na nguzo zisiungue. Baruti usiitaje hata kidogo. Upanga nao si wa kilo kumi kama wengi wanavyoandika, ni kilo moja na robo hivi.

Mji ulikabidhiwa Ijumaa, 27 Rajabu 583, yaani 2 Oktoba. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa kwamba huo ni usiku wa Miraji, na watu wa zama hizo hawakukosa kuuona ulinganifu. Ila usimsalishe kijana Ijumaa ndani ya Aqsa siku hiyohiyo. Majengo ya Wafaranji yalikuwa yamefunika mihrabu, ikabidi yaondolewe, pakasafishwa, pakapigwa maji ya waridi, na khutba ya kwanza ikasomwa Ijumaa iliyofuata, tarehe 9. Mimbari maarufu ya Nuruddin, mtawala wa Sham kabla ya Salahuddin, ilikuwa bado Aleppo. Ramadhani, ukiihitaji, ilianza mwanzoni mwa Novemba.

*Shujaa anataka kumkomboa mwanamke mateka. Alipe nini? — Msomaji, Mkoani*

Balian wa Ibelin, kiongozi wa Wafaranji walioulinda mji, alikubaliana na Sultani hivi: mwanamume dinari 10, mwanamke 5, mtoto 1 (wengine huandika 2), muda wa kulipa siku 40. Kwa maskini kama 7,000 ilitolewa jumla ya dinari 30,000. Dinari kamili ina gramu 4.25 za dhahabu, kwa hivyo mwanamke ni gramu 21 na kitu. Kupima uzito wa maisha: familia ya hali ya kati Misri iliishi kwa dinari 2 hivi kwa mwezi.

Usimalize tukio kwa kumwaga sarafu mezani. Wafaranji walipiga dinari zao wenyewe kwa kuiga za Wafatimi, maandishi ya Kiarabu na yote, lakini kwa dhahabu pungufu. Sarrafu hahesabu, anapima na kujaribu. Kijana aliyelipwa Akka anaweza kufika na sarafu tano na kuambiwa ana tatu na nusu. Kijana wako si lazima ashangae kuiona dhahabu: Mtambwe Mkuu ilifukuliwa mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache, baadhi za Wafatimi, zote za kabla ya zama zake.

*Anakunywa kahawa? — Msomaji, Nungwi*

Hapana. Kahawa ilianza kunywewa Yemen karne ya 15. Na kabla hujatuma barua ya pili: muhogo, mahindi, pilipili hoho, nyanya na tumbaku vyote vilikuja baada ya Wareno. Kubwa zaidi, asinuse karafuu akiiaga Pemba. Mikarafuu ilipandwa kwetu karne ya 19. Mwaka 1186 angeikuta karafuu Aden, imetoka mbali mashariki, kwa bei ya kumtoa machozi. Mpe mtama, wali, nazi na samaki.

*Wenyeji wamwite nani adui? Nimeandika "Mzungu". — Msomaji, Konde*

Andika Mfaranji. Mzungu ni neno la baadaye sana, na litamtoa msomaji ndani ya hadithi. Usiwaweke pia Wakristo wote upande mmoja: Waorthodoksi, Waarmenia na Wasiria waliishi humo kabla ya Wafaranji, na Salahuddin aliwaruhusu kubaki. Wala usiliite jeshi lake lote Waarabu. Mwenyewe alikuwa Mkurdi, na askari wake wengi Waturuki na Wakurdi.

*Shujaa akiswali aelekee wapi? — Msomaji huyohuyo wa Konde*

Kusini. Pemba kibla chake kilikuwa kaskazini karibu sawasawa, kwa hivyo siku za mwanzo mwili wake utageuka vibaya kwa mazoea, na watu watamtazama. Usama bin Munqidh wa Shaizar, amiri na mwandishi wa Kiislamu wa zama hizo, alipokuwa akiswali kando ya Aqsa zama za Wafaranji, Mfaranji mmoja mgeni alimshika akamgeuza mashariki, akisema hivyo ndivyo watu wanavyosali. Mashujaa wa Hekalu wakamwondoa mtu huyo wakaomba radhi. Mfaranji huyo alirudi tena walipogeuka.