Wasomaji Wanauliza: Usiku Mbili Mandara, Simu Imezimwa

SWALI: Mimi na mume wangu tuna duka la vipuri vya magari Kariakoo na simu zetu hazilali. Tunataka kulala usiku mbili Mandara, vile vibanda vya wageni pale Kilimanjaro, bila kwenda kileleni, tupumzike tu. Kweli kule hakuna mtandao? Na duka tuliacheje?
Mama wa Duka, Dar es Salaam

JIBU: Mtandao upo, na hapo ndipo penye kazi. Mandara, mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, unashika hapa na pale. Mkipanda hadi Horombo, vibanda vinavyofuata juu yake, mita 3,720, mtaikuta intaneti ya kasi iliyofikishwa na TTCL, shirika la simu la serikali, mwaka 2022. Kwa hiyo mlima hautawazimia simu. Mtazizima wenyewe, na maandalizi yote yafanyike mkiwa bado Moshi mjini, maana mengi yanahitaji mtandao mzuri.

Anza na simu za kupigiwa. Andika **62* ikifuatiwa na namba ya msaidizi wenu, malizia na #, kisha bonyeza kitufe cha kupiga. Hapo simu zitahamia kwake pale tu laini yako isipopatikana. Wengi hutumia **21*, ambayo huhamisha kila simu hata ukiwa hewani. Wakirudi husahau kuiondoa, halafu wiki nzima wanajiuliza wateja wamekimbilia wapi. Ya kwanza huondolewa kwa ##62#, ya pili kwa ##21#. Zima simu, mwombe mtu akupigie, uhakikishe imekwenda inakotakiwa. Ikigoma, waulize huduma kwa wateja wa mtandao wako. Acha na salio, kwa kuwa kipande cha kutoka kwako hadi kwa msaidizi kwa kawaida hukatwa kwenye laini yako wewe. Salio likiisha, mteja anasikia tu kwamba hupatikani.

Ujumbe mfupi na WhatsApp havihami, na hapo ndipo wafanyabiashara hunaswa. Namba ya siri ya muda ambayo benki hukutumia ili uthibitishe malipo inakuja kwenye laini iliyozimwa, na ujumbe uliokaa muda mrefu bila kumfikia mwenyewe hufutwa. Muuzaji wa jumla na mwenye fremu walipwe kabla hamjaondoka, na wateja walipe kwa lipa namba ya duka iliyo mikononi mwa msaidizi. Kumwachia laini yako binafsi pamoja na namba ya siri, hapana, hata akiwa mtoto wa shangazi. Mkirudi msije mkaanza na kikao cha ukoo.

Kama mnatumia WhatsApp ya biashara, msiutegemee ule ujumbe wake wa kujijibu. Hautoki kama simu haina intaneti. Andikeni kwenye wasifu na kwenye stetasi siku mtakayorudi na namba ya dukani, na wateja wakubwa watano au sita wapigieni wenyewe kabla ya safari.

Ndugu msiwaachie ahadi kwamba "tutawasha jioni mara moja". Hiyo jioni moja ndiyo huvunja safari nzima: mtu anawasha ili aangalie kama kuna dharura, anakuta ujumbe chungu nzima, mmojawapo ni wa mteja mwenye hasira, na usingizi umekwisha. Waachieni namba ya kampuni inayowapeleka na ya mwongozaji atakayekuwa nanyi. Majina yenu yataandikwa kwenye daftari getini na tena kibandani, kwa hiyo hampotei. Kubalianeni kabisa dharura ni nini: msiba, ugonjwa mkubwa, moto. Kuishiwa plagi si dharura.

Simu moja ya picha inatosha kwa watu wawili. Iwekwe kwenye hali ya ndegeni tangu getini. Ikiachwa wazi, itatumia nguvu nyingi kutafuta mnara ulio mbali, na baridi ya usiku, ambayo inaweza kushuka karibu na nyuzi 5, huzidi kuudhoofisha uwezo wa betri. Asubuhi utaikuta imekufa. Ilaze ndani ya mfuko wa kulalia. Halafu chukueni saa ya mkononi na tochi ya kichwani. Anayesema "simu yangu ni ya kuangalia saa na kumulika tu" ndiye huishia kuwasha data usiku kwenye foleni ya choo. Taa za vibandani zipo, lakini ni za umeme wa jua na mwanga wake ni hafifu. Kitambulisho cha NIDA chukueni chenyewe. Msitegemee picha yake iliyo kwenye simu mliyokubaliana kuizima.

Siku ya pili msijipangie ratiba ya kijeshi. Kreta ya Maundi ni mwendo wa robo saa au zaidi kidogo kutoka vibandani. Nendeni asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunika vilele vya Mawenzi na Kibo. Mkirudi, inueni macho kwenye miti: mbega hukaa matawi ya juu, na mara nyingi mkia mweupe unaoning'inia ndio unaoonekana kwanza. Chukueni karata au kitabu. Mkono utaendelea kutafuta simu mfukoni, uacheni utafute.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimenunua buti mpya za mtumba kwa ajili ya Mandara. Zinatosha? Nani atabeba mizigo?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba. Zivae kila siku kwa wiki mbili, zikiwa na soksi zilezile utakazopandia. Za mtumba zichunguze nyayo: ikunje buti kwa nguvu utazame kama gundi inaachia pembeni. Gundi iliyozeeka huonekana nzima dukani, kisha soli huachia kwenye tope la msituni, na kati ya geti la Marangu na Mandara ni msitu mtupu kwa kilomita 8.

Soksi za pamba hunyonya jasho na kubaki mbichi, ngozi inalainika, inasuguliwa, lengelenge linatoka. Chukua za sufu au za nailoni, jozi tatu. Ukihisi sehemu inawaka, simama hapohapo ubandike plasta. Ukisubiri hadi kibandani umechelewa. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, na wakati wa kushuka kaza kamba za buti kwenye kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele njia nzima. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa haikauki.

Anza kupanda kabla ya saa nne asubuhi. Mwendo ni wa saa tatu hadi nne, na mvua ya msituni hupenda mchana. Beba maji lita mbili kwenye chupa ya kudumu; chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Mzigo mkubwa atabeba mpagazi, na getini hupimwa: kikomo chake ni kilo 20. Wewe baki na maji, koti la mvua, sweta na karanga.

SWALI: Mandara inaweza kumpa mtu ugonjwa wa mlima?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Inaweza, ingawa kwa wengi haizidi kichwa kuuma na usingizi wa mang'amung'amu. Hatari huanza kuhesabiwa kuanzia takriban mita 2,500, na ninyi wa pwani mnatoka usawa wa bahari. Lala Moshi au Marangu usiku mmoja kwanza, tembea polepole, kunywa maji, acha pombe. Kichwa kikiuma pamoja na kutapika au kuyumba, usijikaze usiku kucha kwa dawa za maumivu: mwambie mwongozaji, mshuke.