Faharasa ya mahali ikuchagulie maghala ya kupimwa, grafu ipime barabara

Iulize kanzidata vijiji vilivyo ndani ya kilomita kumi kutoka Lindi mjini, na Kitunda itakuwa miongoni mwa vya mwanzo. Jibu ni sahihi kabisa. Sasa mpe jibu hilo dereva wa lori la korosho: itabidi auzunguke mto Lukuledi kwa upande wa Mingoyo, na mafuta uliyomkadiria hayatamfikisha. Kwa hiyo vijana wanaonifuata kuniuliza kuhusu Neo4j, kanzidata ya grafu, huwa naanza nao hapa. Faharasa ya mahali, yaani orodha inayoharakisha kutafuta nukta kwa nafasi zake, inajua mstari ulionyooka tu. Barabara inajulikana na grafu, yaani mtandao wa nodi (kama vijiji na maghala) na mahusiano yanayoziunganisha (kama barabara). Nimejenga mifumo ya kupanga malori kutoka vyama vya msingi hadi maghala ya Mtwara na Masasi, na kila mfumo uliofanya kazi vizuri ulizipa hizi mbili kazi tofauti.

Anza na data yenyewe kabla hujagusa faharasa. Mtwara mjini ni kama latitudo -10.27 na longitudo 40.18. Aliyekusanya vipimo akisahau alama ya kutoa, ghala lako linahamia Ethiopia. Akibadilisha nafasi za namba hizo mbili, liko baharini magharibi mwa Ureno. Kwa hiyo weka sharti la kuingiza data: latitudo zote za mikoa ya Lindi na Mtwara ni hasi, na longitudo zote ni chanya.

Kosa gumu zaidi kulibaini ni la vipimo vya wapima ardhi. Ramani nyingi za huku zimechorwa kwa mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 Kusini, yaani kwa mita, si kwa digrii. Ukiziingiza kama x na y, Neo4j inazihesabu kuwa nukta za mfumo mwingine, na umbali kati ya nukta za mifumo miwili tofauti ni null, yaani jibu tupu. Huoni ujumbe wowote wa kosa. Ghala linatoweka tu kwenye majibu, na mkulima wa hapo anaachwa. Geuza kila kitu kuwa digrii kwanza.

Nukta zimo ndani ya Neo4j yenyewe tangu toleo la 3.4, la mwaka 2018, kwa hiyo achana na mafunzo ya zamani yanayokutaka uanze na programu jalizi. Katika toleo la 5 unaandika hivi:

CREATE POINT INDEX ghala_mahali FOR (g:Ghala) ON (g.mahali)

MATCH (g:Ghala)
WHERE point.distance(g.mahali, $hapa) <= 40000
RETURN g

Umbali ni kwa mita, na $hapa ni nukta unayoanzia kupima. Taja lebo ya Ghala, kwa sababu bila lebo faharasa haitumiki. Sharti la umbali liandike moja kwa moja juu ya g.mahali, kama hapo juu. Kisha tanguliza neno PROFILE na usome mpango: ukiona NodeIndexSeekByRange uko salama, ukiona NodeByLabelScan ujue inapitia maghala yote moja baada ya jingine. Faharasa ya kawaida ya aina ya RANGE haisaidii hapa. Lazima iwe POINT.

Inafaa kujua kinachotendeka ndani. Latitudo na longitudo hugeuzwa kuwa namba moja kwa kufuata mstari unaojikunja hadi kuifunika ramani nzima, na namba hizo ndizo zinazopangwa kwenye faharasa. Ni kama mkeka ulioshonwa kwa ukili mmoja mrefu: ukiufuata ukili, majirani wengi wanafuatana, lakini wawili wanaogusana kwenye mshono wanaweza kuwa mbalimbali sana kwenye ukili wenyewe. Ndiyo maana duara moja unaloliuliza huvunjwa kuwa vipande kadhaa vya namba, kisha umbali halisi wa kila nukta iliyopatikana hupimwa upya. Duara likikuzwa ovyo, faida yote inapotea.

Sasa, duara liwe na ukubwa gani? Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Wengi hupanga kwa umbali, wakachukua maghala matano ya kwanza, ndipo wakapime barabara. Usifanye hivyo. Kwanza, kupanga bila kikomo cha umbali hakuitumii faharasa. Pili, na hili ndilo zito, ghala la sita kwa mstari linaweza kuwa la kwanza kwa barabara, hasa kule Newala, ambako ukingo wa uwanda wa Makonde hutenganisha vijiji ambavyo kwenye ramani vinakaribiana. Barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka. Basi kama lori halitakiwi kuzidi kilomita 40 za barabara, chukua duara la kilomita 40 na hutakosa ghala hata moja linalofaa. Yatakayozidi, grafu itayaondoa.

Kwenye grafu, usiitegemee shortestPath, amri ya Neo4j ya kutafuta njia fupi, peke yake, kwani inahesabu hatua, si kilomita. Tumia Dijkstra, kanuni ya kutafuta njia yenye jumla ndogo ya uzito, iliyomo kwenye GDS au APOC, maktaba za nyongeza za Neo4j; uipe uzito wa kilomita kwa kikomo kile cha 40, na uzito wa dakika kwa kuchagua njia ya haraka. Pantoni ya Msangamkuu iwe aina yake ya uhusiano, PANTONI, ili swali la abiria liitumie na swali la lori lenye shehena liiache.

Mnada wa korosho huanza Oktoba, na mvua hutukuta malori bado yako njiani. Sifa ya kupitika wakati wa mvua iandike kwenye uhusiano wa BARABARA, kamwe si kwenye nodi ya kijiji. Kijiji kimoja huwa na njia mbili, na ya bondeni ikizama ya juu bado inapitika. Ukikifunga kijiji kizima, umezifunga zote mbili.