Kiki na besi kwenye biti: tunajibu maswali yenu

Kiki (ngoma nzito ya chini) ikiwa peke yake inagonga vizuri, besi ikiingia inamezwa. Niiongeze sauti?

Hapana. Zinagombania sehemu moja, takriban 50 hadi 100 Hz (mitetemo kwa sekunde), na ukipandisha hii utapandisha na ile mpaka masta (chaneli ya mwisho inayobeba biti nzima) ianze kukwaruza. Amua kwanza ipi ikae chini kabisa. Besi ikishikilia noti ya A ya 55 Hz, punguza kiki desibeli 3 hapo hapo, kisha iinue kidogo kwenye 80 au 90 Hz. Mlio wa kugonga unaoipenyeza kiki uko kati ya 2 na 4 kHz. Rekebisha huku biti nzima inacheza. Kiki ya peke yake hudanganya.

Zikipiga pamoja, sauti inakuwa nyembamba kuliko kila moja peke yake. Kwa nini?

Mawimbi yanafutana: moja linapanda, jingine linashuka. Geuza polariti ya besi (wimbi lipinduliwe juu chini), ubaki na upande uliojaa zaidi. Tofauti ikiwa ndogo, sogeza kiki milisekunde 2 hadi 5, kwani kwenye 55 Hz wimbi zima huchukua milisekunde 18 hivi. Kama pigo moja limejaa na linalofuata limekonda, chunguza sinthi inayotoa besi: huenda wimbi lake linaanzia mahali tofauti kila noti. Lilazimishe kuanzia sifuri.

Natengeneza singeli. Nikiifunga kompresa ya besi (inayobana sauti) iitikie kiki, besi hairudi tena.

Rilisi, yaani muda wa kompresa kuachia sauti irudi, ni ndefu mno. Kwenye BPM 200 (mapigo 200 kwa dakika), pigo hadi pigo ni milisekunde 300 tu, na singeli hupachika kiki katikati pia. Weka ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 1, rilisi 60 hadi 100, besi ishuke desibeli 3 au 4. Rilisi isishuke chini ya milisekunde 40, maana kompresa itaanza kufuata wimbi lenyewe na besi itakwaruza. Fupisha na mkia wa kiki ufike milisekunde 120; mara nyingi hilo peke yake linatosha, na ndilo tungeanza nalo.

Besi ibaki mono (sauti ileile kushoto na kulia)?

Ndiyo, chini ya 120 Hz.

Kwenye simu besi haipo kabisa.

Spika ya simu haiwezi kutoa 55 Hz, kwa hiyo kuiongeza ni kujaza masta bure. Nakili chaneli ya besi, ikwaruze kwa plagini ya distoshen, kata kila kitu chini ya 150 Hz, uichanganye kwa sauti ndogo. Sikio likipata 165 na 220 Hz hujikamilishia noti ya chini.