Mama mkwe anataka anikande na nyuzi hazijakauka

SWALI: Shikamoo anti. Leo nina siku 9 tangu nijifungue, mtoto wa kwanza, niliongezewa njia nikashonwa. Mama mkwe katoka Handeni kuja kunilea, namshukuru maana hata kijiko sinyanyui, ila kila jioni anachemsha sufuria la maji ananikanda tumbo na kule chini, eti nisipokandwa damu chafu itabaki na tumbo litakuwa kama nina mimba. Jana yalikuwa ya moto mpaka nikalia. Mume wangu kanyamaza tu. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?
Mama wa siku tisa, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera na pole. Mi uzazi wangu wa kwanza nilikandwa mpaka ngozi ikababuka, kwaiyo hicho kilio nakijua.

Sasa sikia, kizazi hakirudi kwa maji ya moto, kinarudi chenyewe. Siku uliyojifungua ungebonyeza kwenye kitovu ungekuta kitu kigumu kama dafu, kila siku kinashuka kama upana wa kidole, na kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne huwa kimeshaingia nyuma ya mfupa wa kinena. Mtoto akinyonya kinakaza zaidi, ndo maana wengine wanasikia tumbo linanyonga wakati wa kunyonyesha. Na hiyo damu sio chafu, inatoka nyekundu siku za mwanzo, inafifia inakuwa kama kahawia, mwisho majimaji ya njano au meupe, inaweza kufika hata wiki sita.

Kwenye nyuzi maji ya moto hapana kabisa, yanaunguza na kidonda kinaweza kuachia. Nawa kwa maji safi ya uvuguvugu, jikaushe taratibu kwa kitambaa safi, badilisha pedi mara kwa mara. Khanga tumboni funga ukipenda lakini isikubane mpaka upumue kwa shida.

Cha kukutoa mbio ni hivi: pedi kujaa ndani ya saa moja, mabonge makubwa, homa, harufu mbaya, tumbo kuuma sana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, maana kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata akiwa ameshazaa, wengi hawalijui hili. Hapo hata iwe saa nane usiku ni hospitali, usisubiri arobaini iishe. Na ukiwa unalia lia tu bila sababu zaidi ya wiki mbili, hiyo nayo mwambie nesi, sio deko.

Mama mkwe usibishane naye, wala hana ubaya, ndivyo alivyolelewa yeye. Kliniki ya siku ya 7 kama hukwenda nenda kesho, na nenda naye, aingie na wewe chumbani, muulize nesi hilo swali la maji yeye akiwa amekaa hapohapo. Mkirudi mpe kazi nyingine, mwambie mama nina hamu na uji wako wa pilipili manga, na mtori wenye nyama, na vidonge vya damu anikumbushe kila siku. Ile ya kliniki ya siku ya 42 usiikose, na uzazi wa mpango mtaongea hukohuko.

Na huyo baba mtoto amwambie mama yake leo jioni, kabla sufuria halijaenda jikoni.