Nina siku 150 za Kihispania kwenye simu, mbona bado naduwaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Huu mwezi wa tano najifunza Kihispania kwa programu ya simu, dakika 20 kila usiku, na sijaruka hata siku moja. Programu inanionyesha siku 150 mfululizo na nyota kibao. Juzi nimepanda boti kwenda Gombe na watalii wawili kutoka Hispania. Mama mmoja akaniuliza kitu, nikasikia “cuánto”, nikamtajia nauli. Akacheka, akanionyesha saa yake ya mkononi. Kumbe alisema “¿Cuánto falta?”, yaani bado muda gani tufike. Nimevunjika moyo. Kuna hatua yoyote niliyopiga, au nilikuwa nacheza mchezo tu? Nitajipima vipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hatua umepiga, ila mizani uliyoishika ni ya kupimia mzigo mwingine. Siku 150 mfululizo zinaonyesha kwamba wewe ni mwaminifu kwa simu yako. Kihispania hazijakigusa.

Tufanye hesabu kidogo. Dakika 20 mara siku 150 ni dakika 3,000, sawa na saa 50. “Miezi mitano” inasikika kama safari ndefu, saa 50 ni kama wiki moja na ushee ya kazi za ofisini. Na katika hizo 50, ni ngapi ulifungua mdomo bila maneno kuwekwa mbele yako uyaguse kwa kidole? Wamarekani wanaofundisha mabalozi wao lugha hukitengea Kihispania takriban wiki 30 za darasa la kutwa, na hicho wanakiweka kwenye kundi la lugha nyepesi kwa mtu anayetokea Kiingereza. (Kiswahili wamekipa takriban wiki 36, kwa hiyo ukikutana na mgeni anayelia na ngeli, mvumilie.) Kwa saa 50 ulizonazo, kukwama kwenye boti ni jambo la kawaida kabisa.

Tena kosa lako ni zuri, maana linaonyesha ugonjwa ulipo. Neno “cuánto” ulilisikia, sentensi ndiyo iliyokupita. Nadhani ulikutana nalo kwenye somo la sokoni, “¿cuánto cuesta?”, likakukaa kichwani kwa maana ya “bei gani”. Lenyewe ni “kiasi gani” tu, na maana huja na mkia wake: cuesta ni gharama, falta ni kilichobaki. Mwanafunzi anayeokota neno moja na kukisia yaliyobaki, mimi huwa namwambia aache kuongeza msamiati kwa wiki mbili, atege sikio.

Sasa kipimo. Simu hiyo hiyo ina kinasa sauti. Chagua siku moja kila mwezi, tuseme Jumapili ya kwanza, simama mahali unapouona ufukwe, ujirekodi dakika mbili bila karatasi. Mambo yawe matatu, na yawe yale yale kila mwezi: wewe ni nani, jana ulifanya nini, na mbele yako unaona nini. Usisikilize siku hiyo, utajionea aibu ufute. Sikiliza kesho yake ukiwa na kalamu, uhesabu vitu vitatu tu: vitenzi tofauti ulivyotumia, mara ulizokwama mpaka mtu angeweza kuhesabu moja-mbili-tatu, na mara ulizochomeka Kiswahili au Kiingereza kuziba pengo.

Rekodi ya kwanza ya mtu wa saa 50 kwa kawaida huwa hivi: “Yo soy… yo trabajar… con turistas. Aquí hay… mtumbwi… grande.” (Mimi ni… mimi kufanya kazi… na watalii. Hapa kuna… mtumbwi… mkubwa.) Usiicheke. Miezi mitatu baadaye, akiwa anaongea kila siku, mtu huyo anaweza kukuambia: “Trabajo con turistas. Ayer llevé a cuatro personas a Gombe y vimos chimpancés. Las mujeres secan el pescado al sol.” (Nafanya kazi na watalii. Jana niliwapeleka watu wanne Gombe na tuliona sokwe. Wanawake wanaanika samaki juani.) Sentensi hazijarefuka sana. Kilichobadilika ni kwamba “trabajar”, ambalo ni kama kusema “mimi kufanya kazi”, limekuwa “trabajo”, nafanya kazi. Jana imepata vitenzi vya jana, llevé na vimos. Na wale mama wanaoanika samaki, ambao mwezi wa kwanza hakuwa na maneno ya kuwataja, wameingia kwenye hadithi. Ukizicheza rekodi mbili kama hizo moja baada ya nyingine, huhitaji mwalimu akuambie kama umesogea.

Sikio nalo lina kipimo chake. Tafuta sauti ya dakika moja ya Kihispania cha polepole iliyo na maandishi yake, uipakue mara moja isikumalizie bando. Sikiliza mara mbili, andika ulichosikia, kisha linganisha na maandishi. Makosa yatakuwa ya aina mbili, na hapa uwe makini. Kuna neno usilolijua kabisa, hilo la kamusi. Na kuna neno unalolijua ukiliona, ila halikuingia sikioni. Wahispania huunganisha maneno: “¿qué es eso?”, hicho ni nini, huja kama “késeso”, na “está aquí”, yupo hapa, huja kama “estakí”. Hayo ya aina ya pili yazungushie duara, kwa sababu kamusi haiyatibu. Yanatibiwa kwa kusikiliza kipande hicho hicho mara kumi huku unakisema. Kila mwezi tumia kipande kipya cha ugumu ule ule, uhesabu maduara.

Kitu kimoja usikipime mapema ni matamshi, yatakudanganya. Kihispania kina irabu tano, a e i o u, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni zile zile za nyumbani. Mkazo nao mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu, na pale unapokiuka kanuni zao huwekewa alama, kama “café” au “adiós”. Ñ ni ny ya nyama. Z ya Madrid ni th ya thamani. D iliyo katikati ya irabu, kama ya “nada”, inaelekea kwenye dh yetu. Matokeo yake, ukisema “buenos días” mgeni anadhani umekaa kwao miaka, naye anakumiminia maneno kwa kasi ya nyumbani. Nina hakika yule mama wa kwenye boti alidanganyika hivyo. Lafudhi yako ilikutangulia. Kwa hiyo kabla ya yote kariri “más despacio, por favor”, polepole tafadhali, na usione haya kuitumia.

Penye kupima hasa ni mwisho wa vitenzi. Sisi mtenda tunamweka mbele: ni-nasema, u-nasema, tu-nasema. Wao wanamweka nyuma: hablo, hablas, hablamos. Sikio la Mswahili limezoea kungoja habari mwanzoni mwa neno, na linapofika mwishoni limeshachoka. Upatanisho wa nomino hautakusumbua sana. Aliyekulia kwenye ki-vi na m-mi hawezi kuogopa ngeli mbili, barca blanca, boti nyeupe moja, barcas blancas, boti nyeupe nyingi. Na kile kitendawili cha ser na estar, vitenzi viwili vya “kuwa”, kinachowatesa Waingereza, wewe una nusu ya jibu mfukoni: “soy guía” ni “mimi ni mwongozaji”, “estoy en la barca” ni “niko kwenye boti”. Nasema nusu kwa sababu mbele ya “estoy cansado”, nimechoka, hiyo njia ya mkato inaishia.

Ukitaka kipimo kinachotambulika nje ya chumba chako, kuna ngazi za Baraza la Ulaya zilizochapishwa mwaka 2001, kuanzia A1 hadi C2. A1 ni kujitambulisha na kujibu maswali mepesi kuhusu nafsi yako mradi mwenzio aongee taratibu. A2 ni kubadilishana habari za mambo ya kila siku. Kazi ya watalii inaanza kutulia kwenye B1, ambapo unasimulia kilichotokea na kutoa sababu. Mtihani wa Kihispania unaofuata ngazi hizo ni DELE wa Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha yao, na cheti chake hakiishi muda. Ninachoupendea ni namna unavyosahihishwa kuanzia A1 hadi B2: kusoma na kuandika vinakaa kundi moja, kusikiliza na kuongea kundi lingine, na kila kundi lazima lifikishe 30 kati ya 50. Hata ukipata 48 za kwenye karatasi, haziwezi kuuokoa mdomo uliofungwa. Ila usikimbilie kulipia mtihani sasa. Kwa ulivyonieleza uko ndani ya A1, upande wa kusoma umetangulia na sikio linafuata kwa mbali. Programu endelea nayo dakika kumi, kumi zilizobaki ziwe za kusema kwa sauti, hata kama nyumba nzima itakushangaa.

Na safari ijayo ukiulizwa “¿cuánto falta?”, jibu “media hora, más o menos”, nusu saa, zaidi au pungufu. Kwa boti zetu, hilo “más o menos” usilisahau.